Sikio la Kufa: Rushwa na Ndege Mbaya katika Juliasi Kaizari



Sisi tunaoishi Washington na vitongoji vyake, kuanzia Silver Spring hadi Alexandria, tumezoea kuwapokea wageni kutoka nyumbani na kuwatembeza. Tunawapeleka Ikulu, tunawapeleka kwenye sanamu ya Lincoln, tunawapiga picha, kisha tunarudi kwenye maboksi yetu. Leo tunaomba kuwatembeza ninyi wenyeji, tena katika majengo mawili tu. La kwanza ni Maktaba ya Folger, iliyo nyuma ya Maktaba ya Bunge katika mtaa wa East Capitol. Ilifunguliwa mwaka 1932, ikafungwa kwa matengenezo makubwa, ikafunguliwa tena Juni 2024. Ndani yake mna nakala 82 za kitabu cha mwaka 1623 kilichokusanya tamthilia za Shakespeare, na hakuna mahali pengine duniani penye nakala nyingi kiasi hicho. Kwenye ukuta wake wa nje, juu ya marumaru nyeupe, yamechongwa maonyesho tisa kutoka tamthilia hizo. Mojawapo ni la Juliasi Kaizari.

Jengo la pili ni Ford's Theatre, mtaa wa 10, kaskazini-magharibi. Humo ndimo Rais Abraham Lincoln alimopigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, akafariki asubuhi yake katika nyumba iliyo ng'ambo ya barabara. Aliyempiga, John Wilkes Booth, alikuwa mwigizaji. Kati ya majengo haya mawili ni mwendo wa maili mbili hivi. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba ukitembea maili mbili hizo na kitabu cha Mwalimu Nyerere mkononi, utafika mbali zaidi ya mtaa wa 10. Utafika nyumbani.

Kitabu cha Mwalimu

Wengi wetu tunajua kwamba Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia hii kwa Kiswahili. Wachache wanakumbuka kwamba aliitoa mara mbili. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika. Toleo alilolisahihisha lilitoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule ilipotoka tafsiri yake nyingine, Mabepari wa Venisi.

Tuitazame miaka hiyo. Januari 1963 Rais Sylvanus Olympio wa Togo aliuawa na wanajeshi. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar, na siku chache baadaye askari wa Tanganyika wakaasi Dar es Salaam. Mwaka 1966 Kwame Nkrumah akapinduliwa akiwa safarini. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha pamoja na masharti yake ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba za kupangisha, asipokee mishahara miwili. Mtu aliyeitwa Julius, tena mkuu wa nchi, aliirudia na kuisahihisha kazi yake juu ya Julius mwingine aliyeuawa na rafiki zake, na katikati ya matoleo mawili hayo aliandika masharti ya kuwazuia viongozi wasile. Hatusemi kwamba Mwalimu alikuwa akijiandikia utabiri. Tunachosema ni kwamba msomaji wa mwaka 1969 hakukisoma kitabu kile kama hadithi ya Warumi peke yao.

Bundi sokoni saa sita mchana

Tuanze na ndege mbaya, maana tamthilia imejaa. Mtabiri anatoka katikati ya umati na kumwonya Kaizari juu ya siku ya kumi na tano ya mwezi Machi. Usiku wa kuamkia siku hiyo tufani inaupiga mji. Simba anaonekana mtaani. Mkono wa mtumwa unawaka moto bila kuungua. Bundi, ndege wa usiku, ametua sokoni saa sita mchana akalia. Waaguzi wamemchinja mnyama wa kafara wakakuta hana moyo. Calpurnia, mke wa Kaizari, ameota sanamu ya mumewe inabubujika damu na Warumi wanakuja kunawa mikono ndani yake huku wanacheka.

Mwalimu wa fasihi huku Marekani hulazimika kuwaeleza wanafunzi kwa nini watu wa zamani waliogopa mambo kama hayo. Sisi hatuhitaji kuelezwa. Aliyekulia Tanga, Kisumu au Bukavu anajua bundi akilia juu ya paa watu wa nyumba hiyo hutazamana. Kwa hiyo hatari yetu ni tofauti na ya mwanafunzi wa Kimarekani. Yeye hudhani ndege mbaya ni pambo la mwandishi. Sisi tunaweza kuridhika upesi mno, tukasema: aliandikiwa, imetimia, basi.

Lakini tukisoma kwa makini tutaona kwamba Shakespeare hakusema hivyo. Katika tufani ileile mzee Cicero anasema kwamba watu huyafasiri mambo wapendavyo, wakaacha maana yenyewe. Halafu mwandishi anatuonyesha jinsi inavyofanyika. Calpurnia anaieleza ndoto yake na Kaizari anakubali kubaki nyumbani. Anaingia Decius, mmoja wa wala njama, na kusema ndoto imefasiriwa vibaya: damu ile maana yake Kaizari ataipa Roma uhai mpya. Anaongeza kwamba Baraza limeamua kumpa taji siku hiyo, na asipokwenda watamcheka kwamba amezuiwa na ndoto za mkewe. Kaizari anaomba joho lake.

Dalili hazikukosekana. Alikosekana mfasiri mwaminifu. Na kabla hajafika Barazani anakutana na Artemidorus, mwenye barua iliyotaja majina ya wala njama wote. Anamsihi aisome kwanza, kwa kuwa inamhusu yeye mwenyewe. Kaizari anajibu kwamba linalomhusu yeye binafsi litakuwa la mwisho. Ni jibu la kiungwana kabisa, na ndilo lililomuua. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Tamthilia hii inatuonyesha sikio hufaje: linajazwa sifa mpaka onyo halipati pa kuingilia.

Mtu asiyenunulika

Hapo ndipo ndege mbaya inapokutana na rushwa. Rushwa ya kwanza katika kitabu hiki haina fedha ndani yake. Cassius anamtaka Brutus ajiunge na njama, na anajua Brutus hapokei kitu. Anachofanya ni kuandika barua za uongo kwa miandiko tofauti, kana kwamba zimetoka kwa wananchi mbalimbali, na kuzitupa dirishani kwake. Zote zinamsifu na kumwomba aiokoe Roma. Brutus anazisoma na kuona kwamba taifa zima linamwita. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa mtu mwadilifu sifa ya uadilifu ndiyo chambo.

Akiwa peke yake bustanini, Brutus anakiri kwamba hana kosa la kumshitakia Kaizari. Anachokiogopa ni lile ambalo Kaizari huenda akalifanya akivikwa taji. Anaamua amhesabu kama yai la nyoka, alivunje kabla halijaanguliwa. Mtu huyu ambaye hatishwi na bundi wala tufani amejitengenezea ndege mbaya yake mwenyewe na kuitumia kama ushahidi mahakamani. Baada ya mauaji yeye ndiye anayewaambia wenzake wainame wanawe mikono katika damu hadi viwiko. Hajui kwamba anaitimiza ndoto ya Calpurnia.

Upande wa pili, Mark Antony ni fundi wa rushwa tunayoifahamu zaidi. Wanafunzi wengi wa shule zetu waliikariri hotuba yake juu ya maiti. Tunachosahau ni kwamba maneno peke yake hayakumtosha. Alishika wosia. Kila raia wa Roma, akawaambia, ameachiwa drakma 75 pamoja na bustani za kupumzikia. Hapo ndipo mji ulipowaka. Watanzania wanaokumbuka neno takrima watatabasamu. Liliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 ili mgombea aweze kuwakirimu wapiga kura, na Mahakama Kuu ikalitupa mwaka 2006. Antony aliwakirimu Warumi kwa fedha za marehemu.

Na je, zililipwa? Fungua mwanzo wa tendo la nne. Antony, Octavius na Lepidus wameketi na orodha ya watakaouawa. Wanabadilishana ndugu: huyu anamtoa kaka yake, yule anamtoa mpwa wake. Kisha Antony anamtuma Lepidus akaulete ule wosia, ili waone namna ya kupunguza kilichoahidiwa. Ni mistari michache tu, na waongozaji wengi huifuta ili mchezo usirefuke. Kwa maoni yetu anayeifuta amekata mshipa. Wosia ulioliwasha jiji unakatwa mezani, na waliochoma nyumba kwa ajili yake hawamo chumbani.

Hema la Sardis

Wahakiki wengi wamesema kwamba tamthilia hii inalegea baada ya hotuba ya Antony. Wanaona Kaizari amekufa, umati umekwisha kupiga kelele, na kilichobaki ni wanaume wawili kugombana hemani na vita vya mbali. Sisi tunaona kinyume. Ugomvi wa hemani ndio moyo wa kitabu.

Brutus na Cassius wamekimbia Roma na wanakusanya jeshi karibu na Sardis. Brutus amemwadhibu hadharani mtu wao mmoja, Lucius Pella, kwa kupokea rushwa kutoka kwa wenyeji. Cassius alikuwa amemwombea msamaha na sasa analalamika kwamba ombi lake limedharauliwa. Brutus anamgeuzia kibao: wewe mwenyewe unasemwa kwamba kiganja kinakuwasha na vyeo unawauzia wasiostahili. Anamkumbusha kwamba walimuua mkuu wa dunia kwa ajili ya haki, na kumuuliza kama sasa wataichafua mikono ileile kwa vijisenti.

Kwetu kiganja kikiwasha husemwa fedha inakuja, tena ni ndege njema. Cassius naye pengine aliipokea hivyo.

Kufikia hapo kila msomaji yuko upande wa Brutus. Lakini msikilizeni anavyoendelea. Analalamika kwamba alimtumia Cassius ujumbe akitaka dhahabu ya kuwalipa askari, na Cassius akamnyima. Na kwa nini hakuitafuta mwenyewe? Kwa sababu, anasema, yeye hawezi kupata fedha kwa njia chafu, hawezi kuwakamua wakulima senti zao kwa hila. Tusimame hapo. Fedha za Cassius zimetoka wapi? Brutus ametoka kumweleza mwenyewe: katika kuuza vyeo na katika mikono ya akina Pella. Haitaki njia chafu, lakini anaitaka fedha iliyopitia humo, na anakasirika haijafika.

Shakespeare hakumfanya mnafiki wa kuchekwa. Dakika chache baadaye tunamwona akikataa kumwamsha kijana wake Lucius aliyesinzia akipiga muziki, na kukiondoa chombo taratibu kisije kikavunjika. Ni mtu mwema kweli. Amekwisha kupata habari ya kifo cha mkewe, Portia, na anaibeba kimya. Usiku huohuo, ndani ya hema hilohilo, mzimu wa Kaizari unamtokea. Anauuliza ni nani, nao unamjibu kwamba ni pepo wake mbaya mwenyewe. Haukumtokea usiku wa mauaji, mikono yake ilipokuwa bado na damu. Umemtokea usiku alipodai dhahabu. Hatuamini kwamba mwandishi alizipanga saa hizo kwa bahati.

Yaliyotupata sisi

Tumefika tulipotaka kufika, na tuseme ukweli wetu kabla ya kuwasema wengine.

Miaka kadhaa iliyopita tulinunua kiwanja nyumbani. Tulibeba boksi usiku na mchana kwa ajili yake. Hati ikachelewa. Mpwa wetu, kijana mwenye adabu ambaye ndiye aliyekuwa akizunguka maofisini kwa niaba yetu, alipiga simu: “Shikamoo mjomba. Hapa bila chai ya wakubwa mambo hayaendi.” Dada yetu mkubwa alisikia habari hiyo akasema moyo wake umekataa, tungoje foleni kama wengine. Tukamwona ni mtu wa mashaka. Tukamjibu kijana: “Marahaba mwanangu. Fanya unavyojua wewe, lakini sisi usitusimulie.” Tukatuma dola 300 juu ya zile za kawaida.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa katika mkutano wa wananchi wetu hapa Maryland. Alikuwapo mgeni kutoka nyumbani. Tulisimama tukamuuliza kwa ukali ni lini serikali itakomesha rushwa, na tulipigiwa makofi. Hati ilitoka upesi. Baada ya mwaka mmoja akajitokeza mtu mwingine mwenye hati ya kiwanja hichohicho. Aliyetuharakishia sisi alikuwa amemharakishia na mwenzetu.

Hasara ya fedha tumekwisha kuisahau. Tusichokisahau ni lile neno letu, “sisi usitusimulie.” Ndilo neno la Brutus hemani. Tulitaka mikono yetu ibaki safi ya kupigiwa makofi, na mikono ya mpwa wetu ifanye kazi. Naye alijifunza, kutoka kwa wajomba wa Marekani waliomhubiria uadilifu tangu utotoni, kwamba uadilifu ni mali ya wenye nafasi.

Booth alisoma nusu

Turudi mtaa wa 10. Familia ya Booth ilikuwa ya hapa Maryland, karibu na Bel Air. Baba yao, mwigizaji mashuhuri, aliitwa Junius Brutus Booth. Novemba 25, 1864, wanawe watatu walicheza Juliasi Kaizari pamoja jijini New York: Edwin alikuwa Brutus, Junius mdogo alikuwa Cassius, na John Wilkes alikuwa Antony. Miezi mitano haikutimia, John Wilkes akamuua Lincoln. Akiwa mafichoni aliandika katika daftari lake akishangaa kwamba anawindwa kwa tendo lililompatia Brutus heshima. Aliuawa Virginia tarehe 26 Aprili 1865.

Huyu aliijua tamthilia kwa moyo. Lakini aliisoma hadi jambia, akafunga kitabu. Hakulifikia hema wala mzimu, wala hakuona kwamba kumuua Kaizari kulileta akina Kaizari watatu na orodha ya vifo. Lincoln, kwa upande wake, alikuwa msomaji wa Shakespeare wa kutosha, akimpenda Macbeth kuliko wote. Aprili 9, 1865, akirudi Washington kwa meli, aliwasomea wenziwe sehemu za Macbeth, akarudia mahali panaposemwa juu ya usingizi wa mfalme aliyeuawa. Asubuhi ya tarehe 14 aliwaambia mawaziri wake kwamba ameota tena ndoto yake ya zamani, yuko ndani ya chombo kinachokwenda kasi kuelekea ufuko usioonekana vizuri. Aliifasiri kuwa habari njema za vita zinakuja. Usiku wake akaenda Ford's. Ndoto haikuwa na kosa, wala yeye hakuwa mpumbavu. Binadamu akitamani mema huifasiri ndoto kwa upande huo.

Hata Cassius, aliyezoea kucheka ndege mbaya, anaanza kuziamini siku ya vita, anapoona tai waliowafuata wameondoka na badala yao wamekuja kunguru na mwewe. Muda mfupi baadaye mtumishi wake anatazama kutoka kilimani na kumwambia kwamba rafiki yake Titinius ametekwa. Cassius anaagiza auawe. Kumbe Titinius alikuwa amezungukwa na wenzake wakimshangilia. Tamthilia iliyoanza kwa onyo lisilosikika inaishia kwa habari isiyosomwa sawasawa.

Kilichobaki kwetu

Tunajua watakaosema kwamba masharti ya Azimio yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, kwamba Tume ya Jaji Warioba iliyaeleza yote mwaka 1996, kwamba John Githongo alijiuzulu kazi yake ya kupambana na ufisadi Kenya mwaka 2005 akiwa London, na kwamba barua za akina Artemidorus zimejaa makabatini. Ni kweli. Onyo halijawahi kutukosa. Lakini tamthilia hii haituruhusu tuishie kwa wakubwa. Inatuuliza nani anamfasiria mkubwa ndoto zake, na nani anadai dhahabu bila kuuliza ilikotoka. Fedha zinazotoka vitongoji hivi kwenda nyumbani kila wiki si kidogo, na kila mtumaji ana mpwa.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Kitabu cha Mwalimu kitafuteni, hata kwa kuazima. Someni tendo la nne kwa sauti sebuleni, mmoja awe Brutus, mwingine Cassius, watoto wasikilize. Halafu kila mmoja ampigie simu yule anayemzungukia maofisini, amwambie maneno tuliyochelewa kuyasema sisi: “Nisimulie yote. Na kama ni foleni, tutapanga foleni.”

Dada yetu mkubwa alitutaka tumalizie kwa kukiri kwamba alisema. Tunakiri: alisema.